Mtani Ameacha Kucheka

Matombo,
9 Juni 2024

Mwanangu Maimuna,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Huku sote tupo. Bibi yako anakula, anatukana, anaota jua. Wewe na hilo tumbo tulia, usibebe ndoo.

Barua hii anakuletea Josephina wa ndizi. Nimeibandika kwa uji wa muhogo. Ukikuta imefunguka nijulishe, nami nitajua la kumfanya Josephina. Simu siitaki. Mtandao mpaka nipande juu ya jiwe la Laurenti, na ukiwa pale juu ukisema neno bonde zima linaitikia.

Sasa sikia. Mikidadi unamkumbuka, yule Mnyamwezi fundi pikipiki wa Mkuyuni, aliyekufungia mnyororo wa baiskeli ukiwa darasa la saba. Mtani wetu. Tangu mume wangu afariki, kila akipanda huku hupita kwangu. Anamtania Bibi, anakunywa maji, ananiuliza kama bado tunalima tumejifunga kamba tusiporomoke bondeni. Namjibu aache maneno abebe mzigo, si ndiyo kazi ya Wanyamwezi. Miaka yote ni hivyo, na mara ngapi kasema atanioa, nami mara ngapi nimemwambia akaoe pikipiki. Hakuna aliyejali.

Wiki iliyopita wakaja wazee wawili, mmoja ni mzee Yunusi wa msikitini. Wana kanga doti moja, mpya, na jembe jipya. Wanasema wameleta posa ya Mikidadi. Mwanangu, mtani akileta posa utafanya nini? Nilicheka. Nikaingia ndani, nikamfunika Bibi ile kanga kichwani, nikamsukuma taratibu hadi mlangoni. Nikasema, "Bibi harusi huyu hapa, mchukueni." Na Bibi na macho yake yale yasiyoona akauliza kama nyumba ya bwana harusi ina bati na kama bwana mwenyewe anakoroma. Majirani walikuwa wamejaa uani, walicheka mpaka wakakaa chini.

Mzee Yunusi peke yake hakucheka. Aliniambia, "Bi Hawa, mwenzio amesema yuko siriasi." Akaegemeza jembe ukutani, wakaondoka. Kanga Bibi ameing'ang'ania, haivui.

Tangu siku ile moyo haujakaa. Kama ni utani, nimejibu vizuri. Kama si utani, nimemwaibisha mtu mzima mbele ya wazee. Na kuna la tatu. Sina mtoto, mume sina, nina migomba na pilipili manga juu ya ardhi ya ukoo. Mwanaume wa kutoka Tabora anamtakia nini mwanamke wa umri wangu?

Wewe unafundisha Kiingereza. Hili neno siriasi kila mtu analo mdomoni, hata watoto wa bodaboda. Huko kwao lina maana gani? Usinifiche.

Mama yako mkubwa,
Mwanahawa


Morogoro mjini,
16 Juni 2024

Shikamoo mama mkubwa,

Bahasha imefika imefungwa, mwache Josephina wa watu. Nimecheka mpaka mtoto akanipiga teke. Bibi harusi wa miaka themanini! Ila nilipofika kwa mzee Yunusi nikaacha kucheka.

Umeniuliza neno moja, mimi nitakupa mengi, ndiyo kazi yangu na ndiyo ubaya wa Waingereza. "Serious" ni mtu asiyefanya mzaha katika jambo lake, au jambo lenyewe zito, kama ugonjwa. Lakini angalia hapo, mama. Mwizi anapovunja dirisha naye yuko "serious" kabisa, hachezi. Neno hilo halikuambii moyo wake ni mwema.

Kuna "solemn". Huyo ni mwenyekiti wetu wa kijiji akifungua mkutano, kakunja uso, kofia ipo pajani, hata nzi anaogopa. Ni uzito wa shughuli, wa sura. Akitoka pale anaweza kwenda kunywa. Kuna "earnest", hilo nalipenda. Ni kama mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili ambaye hajui kitu, lakini kila siku anakaa mbele, anauliza, anaandika hadi kalamu inachana karatasi. Anataka kwa moyo wake wote, hata ukimcheka.

Halafu kuna "sincere". Hilo ndilo unalolitafuta. Ni mtu ambaye ndani yake na nje yake ni kitu kimoja. Anaweza kuwa anacheka, anaweza kuwa analia, lakini hakuna kilichofichwa nyuma ya mlango.

Kwa hiyo usiulize kama Mikidadi yuko siriasi. Uliza kama yuko "sincere". Mimi hapa mbali siwezi kukujibia. Ila la tatu ulilolitaja, la shamba, usilidharau.

Mwanao,
Maimuna


Matombo,
7 Julai 2024

Maimuna mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikaisoma tena, nikamsomea Bibi. Bibi kasema Waingereza wana maneno mengi kwa sababu hawaaminiani. Mimi naona neno lako la mwisho ni zuri, ila halina kipimo. Nitafunguaje mlango wa mtu nione kilicho nyuma?

Sasa nikwambie kilichotokea. Mikidadi amerudi, kana kwamba hakuna kitu. Kakaa kwenye kinu, anamwita Bibi "mke wangu". Bibi anamuuliza mbona hajamletea ugoro, mume gani huyo. Wanacheka. Mimi nipo jikoni, nasikiliza nione kama kicheko chake kina kovu. Sikuliona. Akaniaga kama kila siku, na jembe lake ukutani hakuligusa wala hakulitaja. Mtu aliyekataliwa posa anacheka hivyo? Ama hakuwa na nia tangu mwanzo, ama ana nia nyingine.

Juzi sasa. Nilikwenda kuchuma pilipili manga, nikamwona kwa mbali chini kijitoni, kwenye mpaka wetu na Laurenti. Ana kamba ndefu. Anafunga huku, anavuta kule, anarudi, anachomeka vijiti. Anapima, Maimuna! Nilijificha nyuma ya migomba kama mwizi wa shamba langu mwenyewe. Aliponiona jioni aliuliza tu, "Hivi mpaka wenu unaishia kwenye mti ule au kwenye jiwe?" Nikamwambia unaishia Tabora. Akacheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa kifupi.

Nakwambia ukweli wangu, na usiucheke. Nilikuwa nimeanza kutaka jibu liwe ndiyo. Nyumba hii jioni ni mimi na Bibi na redio, na Bibi siku zake zinaonekana. Lakini mwanamke wa umri wangu akidanganyika kwa posa ya mtani atachekwa kuanzia hapa mpaka Mikese, na akiupoteza mgomba wa lukolo, mali ya mama zetu, ukoo wote utamlaani. Niambie nifanye nini.

Mama yako mkubwa,
Mwanahawa


Morogoro mjini,
14 Julai 2024

Shikamoo mama mkubwa,

Nakuandikia kwa haraka, miguu imevimba na Josephina ananisubiri nje anapiga miluzi.

Usimjibu. Usimwonyeshe mpaka. Ardhi ni ya ukoo na inapita kwa wanawake wa ukoo, hilo analijua kila mtu, na kama halijui basi alijue. Ngoja tuone. Mtu mwenye nia njema kungoja hakumuumizi. Mimi nitaangalia la kufanya kwa upande wangu.

Mwanao,
Maimuna


Matombo,
4 Agosti 2024

Maimuna,

Kuna kitu mnanifanyia, na mimi si mtoto.

Mikidadi alikuja Jumatano. Sikumtambua. Amevaa shati la mikono mirefu, amefunga vifungo mpaka kooni, nywele amezipaka maji. Hakukaa kwenye kinu. Bibi akamwita, "Mume wangu, umekuja?" Akajibu, "Shikamoo mama." Shikamoo! Bibi akashtuka, akaniuliza pembeni nani amefariki. Hakututania kamba wala kuporomoka. Nilimtupia neno la upagazi, akainamisha kichwa. Alikaa kama anasubiri kupimwa damu. Halafu akasimama, kaunganisha viganja mbele kama mgombea udiwani, akasema, "Bi Hawa, mimi kwako niko sincere."

Neno hilo, Maimuna. Hapa hakuna anayelijua. Mwalimu mkuu wetu hajawahi kulisema. Nililiona mahali pamoja tu duniani, kwenye barua yako. Limemfikaje fundi pikipiki wa Mkuyuni?

Nilimuuliza Josephina kuhusu bahasha zangu, akaapa hajazifungua. Nikamuuliza Mikidadi mwenyewe, akababaika, akasema ameambiwa na mtu mwenye kunitakia mema. Nikajua. Mtu anayecheka miaka yote halafu siku moja anaacha, huyo kuna jambo kafundishwa. Na aliyefundishwa na wewe anapimaje shamba langu?

Nimekaa nikafikiri. Nikiolewa, labda mume atataka neno juu ya ardhi. Nisipoolewa, nikifa, shamba ni lako na la huyo aliye tumboni. Uliniambia nisimjibu, nisimwonyeshe mpaka. Halafu nyuma yangu unamwita. Unamkaribisha au unamfukuza? Mimi sijui tena barua zako niziweke upande gani.

Mwanahawa


Morogoro mjini,
9 Agosti 2024

Shikamoo mama mkubwa,

Hukusema "mwanangu". Nimeliona.

Ndiyo, Mikidadi alikuja kwangu. Sikumwita. Alikuja mjini kutafuta vipuri, akapita nyumbani na mkungu wa ndizi aliosema ni wa mjukuu wa mke wake. Nilikuwa nimechoka na mashaka yako, nikamuuliza waziwazi, unamtaka mama yangu au unacheza? Alitaka kunitania, nikamkatiza. Nikamwambia kama unamtaka kweli, acha mzaha, mwambie uso kwa uso. Akauliza aseme nini ili uamini. Nikampa lile neno. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungesema hivi unavyosema sasa.

Nilimfundisha sura, mama. Nilimtaka awe "sincere", akakuletea "solemn", na kosa ni langu, hata darasani hutokea hivyo. Mtu wa watu nimemvisha shati la kooni.

Lakini la shamba limenichoma. Mtoto wangu hajazaliwa na umeshamwita mwizi. Wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki. Nilipokwambia usimwonyeshe mpaka nilikuwa naogopa kwa ajili yako. Ningekuwa nataka migomba nisingeishi chumba na sebule hapa mjini nikisahihisha madaftari. Kama unaona mimi na Mikidadi tumekaa kugawana kaburi lako, basi muulize Bibi. Anaona zaidi yako.

Maimuna


Matombo,
18 Agosti 2024

Maimuna,

Barua yako imefika. Mikidadi nilimwambia asirudi, na hajarudi. Bibi anamwulizia mumewe kila siku, namwambia yuko safarini. Amepungua kula.

Mtoto akizaliwa nijulishe.

Mwanahawa


Morogoro mjini,
2 Septemba 2024

Shikamoo mama,

Naandika nimelala ubavu, mtoto yuko hapa kwapani. Ni wa kike. Amezaliwa Jumanne, mzima, ana sauti ya Bibi.

Laurenti alipiga simu Ijumaa. Nilisikia "Bibi" na nikasikia "alfajiri", halafu jiwe lake likakata. Nilipiga na kupiga. Jioni ndipo jirani yake aliyeshuka Mkuyuni akaniambia mmeshazika. Mimi siwezi kutoka, arobaini haijaanza vizuri na bado nina mishono. Nimelia peke yangu chumbani huku watu wananipongeza.

Mama, tuache yote. Niandikie alivyoondoka. Niandikie nani alikuwepo, na wewe ulikuwaje. Usinifiche hata kidogo, maana sikuwepo na sitakuwepo tena.

Mwanao,
Maimuna


Matombo,
8 Septemba 2024

Mwanangu Maimuna,

Mwanangu. Nimeandika mara mbili uone.

Karibu mtoto. Karibu sana, aje achume migomba yake bila kuomba ruhusa kwa mtu. Nilikusema vibaya, nisamehe.

Bibi hakuteseka. Alhamisi alikunywa uji nusu bakuli, akalalamika ni wa moto, kisha ni wa baridi. Alfajiri nikamwita aswali, akawa ameshakwenda. Amelala na ile kanga ya posa.

Sikulia. Nakwambia uelewe. Niliwapokea watu, nikaonyesha mahali pa kuweka sufuria, nikatafuta sanda, na machozi hakuna. Nikawasikia wanawake wananong'ona kwamba Mwanahawa moyo wake umekauka. Labda ni kweli, nilijiambia. Mtu akishinda anachungulia nyuma ya milango ya wenzake, mwishoni hata wa kwake haufunguki.

Watani waliitwa kuchimba, kama ilivyo. Nikatazama kaburini nikamwona Mikidadi yuko ndani ya shimo, udongo mpaka mabegani. Nilidhani hatakuja. Hakunitazama. Alichimba, akapokea mwili pamoja na wengine, akafukia. Hakutania hata neno moja, na watu wakaanza kuulizana, msiba gani huu mtani yuko kimya? Wakanitazama mimi.

Jioni tupo kwenye mikeka, Laurenti akaja kukaa karibu yangu. Ananiambia kwa sauti ya chini, "Bi Hawa, nadhani sasa unaweza kujua. Kile kipande changu ng'ambo ya kijito nimemuuzia Mikidadi. Ile siku ulimwona na kamba alikuwa anahakikisha asiingie kwenu hata unyayo. Alisema atajenga kwake, ili siku ukimkubali usije ukaambiwa umeolewa kwa ajili ya migomba." Nikamuuliza mbona hakuniambia mwenyewe. Laurenti akasema, "Angekuambia ungeamini?"



Na hapohapo tukasikia kelele uani. Ni Mikidadi. Lile shati la kooni hana. Ametoka kwenye kamba ya nguo na ile kanga ya Bibi, tulikuwa tumeifua, amejifunika kichwani kama mjane. Anaingia anayumba, analia kwa sauti ya kuigiza, "Mke wangu mie! Mwanamke gani huyu, kaposwa Juni kaniacha Agosti! Hata bati la nyumba hajaliona! Hata kukoroma kwangu hajakusikia!" Watu kwanza walishika midomo. Halafu mzee Yunusi, yule yule asiyechekaga, akaangua kicheko, na msiba mzima ukacheka. Nikajikuta nami nacheka.

Akachukua fimbo ya Bibi. Akainama, akawa anapapasa ukuta kwa mkono kama alivyokuwa akifanya. Maimuna, alikuwa Bibi yule, na mguu wake wa kushoto unaovuta. "Hawa! We Hawa! Uji huu umenipikia mimi au umempikia kobe?" Watu hoi. "Hawa! Nani kaja? Ni mume wangu au ni mtu wa maana?" Wakazidi. Halafu akashusha sauti, akawa kama anaongea na mtu mmoja tu. "Hawa mwanangu, kaa chini. Tangu asubuhi hujakaa."

Hayo aliyasema Bibi kila jioni, Maimuna. Kila jioni ya Mungu. Hayakuwa maneno ya kuchekesha, hakuna jirani aliyeyajua, hata wewe labda umeyasahau. Alikuwa akiyasema mimi nikizunguka jikoni na huyu bwana yuko pale kwenye kinu anakunywa maji. Kumbe alikuwa anasikiliza. Miaka yote mimi nasikiliza kicheko chake nitafute uongo, yeye anasikiliza ni nani ananihurumia.

Nililia. Nililia mpaka wale wanawake walionisema wakanishika. Naye akaendelea kazi yake ya utani. Kama angesimama kuniliwaza kwa uso wa huzuni ningemtilia shaka tena, najijua mimi mwenyewe. Akanipora ndala yangu moja mguuni, kama watani wanavyopora msibani ili wakombolewe, akaikalia katikati ya uwanja. Akatangaza, "Mlinipa mke wenyewe, mbele ya wazee, nina mashahidi. Mke amekufa. Ndala hii haitoki hapa mpaka ukoo unipe mwingine!" Watu wakapiga makofi, wakaanza kumtajia vikongwe wote wa bonde hili.

Mimi nikasimama. Nikavua ndala ya pili. Nikatembea kwenye ule udongo miguu mitupu mpaka alipokaa, nikaiweka mbele yake, nikarudi kukaa kwenye mkeka.

Watu walicheka kuliko mwanzo. Walidhani nimemjibu utani kwa utani, na mpaka leo wengine wanasimulia hivyo. Yeye hakucheka. Alizitazama zile ndala, akashusha kanga kutoka kichwani taratibu, akazifunga pamoja ndani yake, akakaa nazo mapajani. Sikuhitaji kamusi.

Siku ya tatu, matanga yalipoanuliwa, mzee Yunusi alikuja tena. Safari hii nilimpa kiti. Jembe lililokuwa ukutani nimelitia mpini, nalima nalo. Tumekubaliana tungoje arobaini ya Bibi, na ya kwako, ili uwepo wewe na huyo mwenye sauti. Watanicheka mpaka Mikese, na waache wacheke.

Jana alipita. Bado anauliza kama nimejifunga kamba. Nikamwambia abebe mzigo.

Mama yako mkubwa,
Mwanahawa

Nimesahau. Ukija niletee ndala, namba yangu unaijua. Zile amekataa kunirudishia, anasema hakuwa anatania.